Helikopta Ikishuka, Droni Yako Iko Wapi?

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi droni zetu. Mafuriko yakipiga, kitu ya kwanza sisi watu wa kontenti tunawaza ni picha za juu. Naelewa, juu ndiyo kazi inanilisha tangu niache chuo. Lakini hatujiulizi huko juu tuko na nani.

Sheria ya Kenya inasema droni isipite futi 400 kutoka ardhini. Siku ya kawaida iko sawa, ndege kubwa ziko mbali juu. Siku ya mkasa huo mpangilio unavunjika. Helikopta haiwezi kumtoa mama kwenye paa ikiwa futi elfu mbili. Lazima ishuke, na inashuka pale pale tunapopiga picha. Rubani ataonaje kadude ka kijivu mbele ya maji ya matope? Akisikia kuna droni hapo na hajui iko upande gani, anageuza. Mama anabaki paani.

Si stori za kutisha watu. Januari 2025, Los Angeles ikiungua, jamaa alirusha droni yake kutoka juu ya jengo la kuegesha magari huko Santa Monica ili aone moto. Anga ilikuwa imefungwa. Droni ilienda zaidi ya kilomita mbili, ikagonga bawa la ndege ya kuzima moto iliyotoka Quebec, Kanada. Hiyo ndege huchota lita kama 6,000 za maji ikipita tu juu ya bahari. Bawa likatoboka, ndege ikakaa chini siku kadhaa na moto bado unawaka. Na hiyo ni Marekani, ambako droni nyingi zinatakiwa kutangaza zenyewe kwa redio ziko wapi. Kutangaza peke yake hakukutosha.

Mafuriko ya 2024 mteja mmoja alinipigia, anataka picha za mtaa uliozama. Pesa ya rent ya miezi miwili, manze. Nikamuuliza nani anapanga mambo ya anga pale. Akacheka: "Kwani hewa ina mwenyewe?" Nikakataa. Jioni alikuwa ameshapata mwingine.

Sasa msiseme nataka droni zipigwe marufuku. Rwanda zinapeleka damu hospitalini tangu 2016, kwa mpangilio na wasimamizi wa anga. Waokoaji pia wanazihitaji: kamera ya joto inamwona mtu gizani, wewe na tochi yako humwoni. Kinachokosekana ni trafiki wa huko juu. Mtu mmoja kwenye eneo la mkasa, ana redio, anajua kila droni ni ya nani na inafanya kazi upande gani. Akisema shusheni, helikopta iko dakika tano, zote zinashuka. Asiye kwenye orodha yake harushi, hata kama ana wafuasi milioni.

KCAA tayari inasajili droni na marubani wake. Hiyo orodha isikae ofisini tu. Kila kaunti iwe na namba moja tunayopiga mto ukivunja kingo, tuulize tunahitajika ama tukae kando. Niko na betri nne na ziko chaji.