Kuhesabu Trela za Malaba

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu trela. Mama alikuwa na kibanda cha chai na chapati Malaba, upande wa Uganda, na kila alfajiri alinituma nivuke daraja nikatazame foleni ya upande wa Kenya imefika wapi. Zaidi ya donge moja la akiba, hakukanda unga kabla sijarudi. Majirani zake walikanda kwa kuangalia benchi: likijaa wateja ndipo wanakimbilia unga, na chapati ya kwanza inapotoka kikaangoni, dereva ameshagongewa mhuri na anawasha gari kwenda Tororo. Mama aliangalia wale ambao hawajafika.

Siku moja nilirudi na hesabu ya trela 70. Akakanda karai zima, na jioni chapati zikabaki. Hakunigombeza. Kesho yake alifunga leso kiunoni, akanishika mkono, tukavuka pamoja. Akanionyesha trela moja baada ya nyingine: hii injini imezimwa, dereva ametandika mkeka chini ya trela na viatu vyake viko pembeni. Hii nayo hivyo hivyo. "Hizi zinasubiri karatasi, baba. Zinaweza kulala hapa siku tatu. Wewe nihesabie zinazosogea."

Nilisoma Tororo, nikaenda Kampala, nikarudi mpakani. Mwaka 2016 kampuni ndogo mjini Busia, upande wa Kenya, ikaniajiri. Tulitengeneza programu ya mawakala wa forodha. Wakala anapakia ankara, hati ya shehena na orodha ya mizigo. Programu inazisoma, inakagua kama namba ya kontena na uzito vinalingana kila mahali, kisha inaandaa tamko la forodha, ambalo mpakani kila mtu huliita entri.

Anayedhani hati hufuata mwendo wa magari hajafanya kazi hii. Tangu Eneo la Pamoja la Forodha lilipoanza mwaka 2014, mzigo wa Uganda hulipiwa ushuru kabla haujatoka bandari ya Mombasa. Kwa hiyo meli ikishusha makontena kule, hati zinatumwagikia kwa saa moja, kisha kimya. Halafu Februari 2018 marais wa nchi zote mbili wakazindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Zamani dereva alisimama mara mbili, kwa Wakenya na kwa Waganda, na uzembe wetu ulijificha ndani ya vituo hivyo viwili. Sasa anasimama mara moja tu. Hati yetu ikichelewa, kila mtu getini anajua ni sisi.

Seva tulizikodi Ireland, kwa Amazon. Huduma hiyo ya kukodisha seva ilibuniwa kwa sehemu kubwa na kundi dogo lililokaa Cape Town chini ya Chris Pinkham, ikafunguliwa mwaka 2006. Mwaka 2009 ikaongezwa njia ya seva kuongezeka na kupungua zenyewe kwa kufuata kipimo utakachochagua. Mtu huandika kanuni mara moja, na mashine huitii usiku na mchana. Mimi niliandika ile ambayo karibu kila mgeni wa kazi hii huiandika: wastani wa kazi ya prosesa ukivuka asilimia 70 kwa dakika 5, ongeza seva moja, ukishuka chini ya 30, ondoa moja. Niliijaribu, ikafanya kazi, nikalala vizuri kwa miezi kadhaa.

Jumatatu moja ya mwaka 2019 simu zikaanza saa mbili asubuhi. "Kijana, sistimu imelala." Aliyepiga alikuwa wakala wa Malaba, mzee aliyenifahamu tangu enzi za kibanda. Nikafungua grafu: prosesa asilimia 18. Nikamjibu kwa heshima kwamba seva ziko sawa, labda intaneti yake. Akapiga tena. Mara ya tatu nikapanda pikipiki nikaenda Malaba.

Nilimkuta ameinama mbele ya kompyuta, kile kiduara kinazunguka kwenye skrini. Mkononi alikuwa na ankara aliyoiviringisha na kuiviringisha hadi ikawa nyembamba kama bomba la dawa ya sindano. Nyuma yake amesimama dereva, funguo za lori zimening'inia kidoleni, haketi wala hasemi. Saa ya skrini ilionyesha hati ile ilipakiwa dakika 26 zilizopita. Mzee akanigeukia. "Wewe unasema iko sawa," akasema, "na mimi niko hapa."

Kila hati, programu yetu ilipofika hatua ya kukagua kontena, iliuliza mfumo mmoja wa nje na kungoja jibu. Asubuhi ile majibu yalikuja polepole. Seva inayongoja jibu haifanyi kazi yoyote, na prosesa yake inapoa. Ni sawa na karani aliyeshika simu ya mezani akisubiri upande wa pili wapokee: hatoki jasho, ila mstari mbele ya dirisha lake hausogei. Nami nilikuwa nimeweka mtu wa kupima jasho la karani. Mbaya zaidi, kwa kuwa prosesa zilishuka chini ya asilimia 30, kanuni yangu iliondoa seva mbili alfajiri ile, mstari ukirefuka. Nilikuwa nimekanda kwa kuangalia benchi.

Tukabomoa na kuanza upya. Hati ikipakiwa, inaingia kwanza kwenye foleni, na watenda kazi ndani ya seva wanaichukua mmoja mmoja. Kipimo kikawa foleni yenyewe. Lakini urefu wa foleni peke yake hautoshi. Hati 600 ni nyingi au chache? Hapo nikaenda kusoma, nikakutana na kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: idadi ya walio ndani ya foleni ni kasi ya kuingia kwao ukizidisha na muda ambao kila mmoja hukaa. Inafaa kwa hati, kwa trela, kwa akina mama kliniki. Nami nikaigeuza iwe swali la mpakani: wakala avumilie kiasi gani? Niliwauliza, Busia na Malaba, wakanijibu dakika moja. Hati moja ilichukua sekunde 12, nyingi zikiwa za kungoja. Mtenda kazi mmoja basi humaliza hati 5 kwa dakika, na seva yetu ilikuwa na watenda kazi 10, yaani hati 50. Foleni ikifika 600, zinatakiwa seva 12. Hesabu ya darasa la nne, nayo ndiyo iliyokosekana miaka mitatu.

Siku ya kwanza foleni ilipofika huko kwelikweli, seva zikapanda hadi 12, na kila kitu kikasimama. Kila mtenda kazi alifungua muunganisho wake na hifadhidata: seva 12, watenda kazi 10 kila moja, miunganisho 120. Postgres, hifadhidata tuliyoitumia, usipoigusa mipangilio yake hupokea 100. Tulikuwa tumeongeza makarani bila kuongeza mlango wa stoo, wakakwamana mlangoni wote, hata wale wa mwanzo waliokuwa wakienda vizuri. Tukaweka PgBouncer katikati, ambayo huazima mtu muunganisho kwa kazi yake fupi kisha humpa mwingine. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika kanuni ya kuongeza chochote, hutafuta kwanza kitu ambacho hakitaongezeka.

Kulikuwa pia na suala la muda. Seva mpya ilichukua dakika 4 kuwa tayari, na wakala ametupa dakika moja. Mama alikuwa na donge la unga lililokandwa daima chini ya kitambaa chenye unyevu, hata siku kavu. Tukaacha seva 3 macho saa zote kwa maana hiyo hiyo. Tukazifanya seva zipande haraka, zishuke polepole. Na seva iliyochaguliwa kuondolewa tukaifundisha kwanza kumaliza hati iliyo mkononi, kwa sababu mwanzoni tulizima seva na hati ndani yake, na wakala akaambiwa apakie upya asichojua kimekwenda wapi.

Usiku mmoja foleni haikushuka. Seva zikapanda hadi kikomo cha 20 nilichokuwa nimekiweka, zikakaa huko hadi asubuhi, na gharama inatembea. Nilizichungulia hati zenyewe. Zilikuwa picha zilizopigwa kwa simu gizani, ndani ya kabini ya lori, hazisomeki hata kwa jicho la mtu. Programu ilijaribu, ikashindwa, ikazirudisha kwenye foleni, ikajaribu tena, usiku kucha. Zilihesabiwa kama foleni na hazikuwa foleni. Nilikaa kitandani nikaviona vile viatu pembeni ya mkeka, mwaka wa tisini na kitu, na sauti ya mama: nihesabie zinazosogea. Kesho yake tukatenga mahali tulipopaita yadi. Hati ikishindwa mara ya tatu inapelekwa yadi, haihesabiwi tena, na mtu wa zamu anampigia wakala simu aipige picha upya, mchana, nje.

Aprili 2020 Amazon ilifungua kituo cha seva Cape Town. Tukahamia mwaka uliofuata. Kwa Mei ile ya 2020, madereva walipoanza kupimwa Covid-19 mpakani na foleni ya Malaba ikarefuka kilomita nyingi ndani ya Kenya, na kwa Januari 2022, madereva walipogoma kwa ajili ya dola 30 walizotakiwa kulipia kipimo, sina la kueleza upande wa seva. Zilikaa chini ya 5. Hati zilikuwa zimeshapita. Waliokwama walikuwa watu, wamelala barabarani kwenye mvua, na hakuna kanuni yangu iliyowafikia.

Kisha Jumapili ya 12 Mei 2024. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika katika njia ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika. Nilifungua grafu nikaona foleni sifuri. Seva zimeshuka hadi zile 3 za akiba. Kwa kipimo changu nilichokuwa nikijivunia, haikuwahi kuwa siku nzuri kama hiyo. Wakati huo mawakala wa Busia na Malaba walikuwa wanabonyeza kitufe kimoja tena na tena, na hakuna hati hata moja iliyofika Cape Town ihesabiwe. Miaka mitano baada ya yule mzee kuniambia yuko pale, nilikuwa bado sijapima mahali alipo.

Nilimwomba kona ya meza. Nimeweka pale kompyuta ndogo, kubwa kuliko kiberiti kwa kiasi kidogo tu, na nyingine iko Busia. Kila dakika inapakia hati ya majaribio kama wakala yeyote, kupitia laini ile ile anayoitumia yeye, kisha inapima ni sekunde ngapi hadi jibu lirudi Malaba. Kipimo hicho hakiongezi seva hata moja. Kikivuka sekunde 60 kinanipigia simu mimi, saa yoyote, nami nampigia mzee kabla hajanipigia. Asubuhi akipanguza meza huinua kidude kile kwa mikono miwili, hupitisha kitambaa chini yake, hukirudisha taratibu asiuchomoe waya, halafu hufungua dirisha. Chini, trela zinasogea.