Gari la Marehemu Baba na Injini ya Mtumba

Wasomaji wa taarifa yetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi mijadala ya ngeli, uchambuzi wa tenzi na mashauri juu ya kusahihisha insha. Leo twaomba ruhusa yao tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la makanika kuliko la mwalimu, nalo ni kutia injini iliyokwisha kutumika, ya bei nafuu, katika gari la spoti la zamani. Atakayetuvumilia ataona kwamba jambo hili latuhusu, kwa kuwa ndani yake mna swali la mirathi. Kitu tulichoachiwa na wazee tukitunzeje? Na tukikitengeneza, je, kitabaki kuwa kilekile?

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Lilitokea Japani mwaka 1969, na likaendelea kuundwa hadi mwaka 1973. Ni gari la milango miwili na viti viwili, lenye boneti ndefu na mgongo ulioteremka. Injini yake ya asili, iitwayo L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili. Katika nchi zetu gari hili halikupata sifa kwa matangazo ya magazetini, bali kwa vumbi na matope ya Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 na ambayo zamani njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 lilishinda likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena, safari hii usukani ukiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, na Lofty Drews akimsomea njia.

Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Ushindi wake wa kwanza ulipatikana kwa shida, kwani alilingana alama na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine. Mehta akapewa ubingwa kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya adhabu. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka uliotangulia, 1972, Waasia walikuwa wamefukuzwa Uganda kwa amri ya Idi Amin. Kwa hiyo watu wengi wa mji wetu waliposhangilia redioni Pasaka ile, walimshangilia mzaliwa wa Kampala wakati ambapo watu wa asili yake hawakuruhusiwa kukaa Kampala. Marehemu baba yetu, aliyekuwa mfanyabiashara mdogo wa kahawa, alikuwa mmoja wa walioshangilia. Mwaka uliofuata akauza alichokuwa nacho, akanunua 240Z kwa mtu aliyekuwa akihama. Jamaa walimwona amepungukiwa na akili. Yeye alisema tu kwamba gari lile ni la hapa kwetu, hata kama limeundwa Japani.

Mwaka 1979 vita vilipoufikia mji, alilisukuma hadi katikati ya shamba, akalifunika kwa majani ya migomba, na majeshi yakapita bila kuliona. Vita havikuliua, likauawa na umri. Miaka mingi baadaye rejeta iliziba kwa kutu, gari likachemsha katika mlima, gasketi ikaungua na bloku ikapasuka mahali pasipochomeleka. Baba alilipandisha juu ya mawe, akalifunika turubai, na akafa kabla ya kupata fedha za kulifufua.

Baada ya arubaini ukoo ulikutana kujadili mali. Penye gari maoni yaligawanyika. Kaka yetu mkubwa alishikilia kwamba ama litiwe injini ileile ya L24, iliyoagizwa kutoka ng'ambo, ama libaki juu ya mawe kama kumbukumbu. Wengine walitaka kulipokea bei ya mnunuzi mmoja aliyekusudia kulivunja na kuuza vipuri. Sisi tulipima mambo mawili. Injini ya asili, pamoja na usafirishaji na ushuru, ingemeza karo ya mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa amebakiza miaka miwili chuoni. Na gari linalokaa juu ya mawe katika nchi ya mvua haliwi kumbukumbu kwa muda mrefu, huwa makao ya kuku, kisha huwa kutu. Tukapendekeza injini ya mtumba. Kaka alichukia, akasema tunataka kumtia swala moyo wa punda.

Fundi tuliyemwendea ni mzee aliyejifunza kazi bila kukanyaga shule ya ufundi. Yeye ndiye aliyetufunulia kwamba L24 si mtoto wa pekee. Kampuni ya Nissan iliunda ukoo mzima wa injini za L, na katika ukoo huo mna L28 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,753. Zote mbili zina bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini, kamshafti moja juu inayozungushwa kwa mnyororo, na krenki inayokaa juu ya beringi kuu saba. Kwa nje bloku zake zimelingana, hata mahali pa kufungia mikono ya kushikilia injini ni palepale. Tofauti iko ndani: kipenyo cha silinda ni milimita 86 badala ya 83, na mwendo wa pistoni ni milimita 79 badala ya 73.7. L28 hiyo haikutumika katika magari ya spoti peke yake. Ilitiwa pia katika Nissan Patrol za miaka ya 1980, zile zilizobeba maofisa na magunia katika barabara zetu mbovu. Mwili wa Patrol huoza mapema kuliko injini yake, na kwa sababu hiyo injini yake hupatikana kwa bei ambayo mwalimu aweza kuikopa.

Tulizunguka naye katika maduka ya vipuri ya Kampala, pamoja na soko la Kisekka lililojulikana kwa miaka mingi kwa biashara hiyo. Muuzaji mmoja alituonyesha injini safi iliyopakwa rangi mpya, bei ya kuvutia. Fundi alipitisha kidole pembeni mwa bloku, akatushika mkono tukaondoka. Namba ya injini ilikuwa imesagwa kwa tupa. Injini isiyo na namba haiwezi kuandikwa katika kadi ya gari, na asili yake huenda ikawa ya wizi. Ya pili ilikuwa chafu, imejaa masizi na oili, lakini namba yake ilisomeka na muuzaji alikuwa na hati. Fundi alifungua plagi zote sita, akapima mgandamizo wa kila silinda, akaandika kwa chaki sakafuni. Akatueleza kwamba usiangalie sana namba ni kubwa kiasi gani. Angalia kama zote sita zinakaribiana, kwani silinda moja iliyoachwa nyuma ndiyo itakayokula fedha zako. Zilikaribiana. Bei ilikuwa chini ya theluthi ya ile ya L24 ya ng'ambo. Tukanunua.

Kazi ilichukua majuma matatu. Injini ya zamani ilishushwa kwa kapi na mnyororo uliofungwa kwenye boriti. Kisha fundi akaanza kuvua viungo vya marehemu na kumvisha mgeni. Sampu ya oili pamoja na bomba lake la kufyonzea vilihamishwa, kwa sababu sampu ya Patrol ilifinyangwa kwa chasi nyingine na isingekaa katika kifua chembamba cha 240Z. Kabureta mbili za asili zilihamishwa badala ya ile moja ya Patrol. Vijana wa gereji walishauri hedi ya L24 nayo ihamishwe, kwa sababu juu ya bloku ya L28 huongeza mgandamizo na nguvu. Fundi alikataa. Mgandamizo ukizidi hudai petroli bora, na petroli hafifu huzifanya pistoni kugonga mpaka zikatoboka. Rejeta ilizibuliwa, mipira yote ya maji ikabadilishwa. Mwisho tulikwenda kuandikisha namba mpya katika kadi ya gari, tukasimama foleni siku mbili, na haki ikatendeka.

Injini ilipowaka, gari halikupungukiwa na nguvu. Mlima uliolichemsha zamani hulipanda bila kubadilisha gia. Lakini hatutaki kumdanganya msomaji kwamba hatukupoteza kitu. Injini ya baba ilikuwa na sauti nyembamba iliyopanda haraka, na mama alizoea kuisikia kutoka mbali, akainuka kubandika chai. Hii mpya hunguruma kwa sauti nzito. Siku ya kwanza tulipoingia nayo uani, mama hakuinuka. Alikaa akitazama mlango mpaka tulipoingia, kisha akasema, "Nilidhani ni wageni." Kaka alitutazama bila kusema neno.

Aliyetutoa katika kimya kile ni shangazi, dada yake marehemu. Alimwuliza kaka, "Baba yenu gari hili aliliendesha au aliliweka kabatini?" Kaka akajibu kwamba aliliendesha. "Basi," akasema shangazi, "mlilorithi ni kuendesha." Mama akacheka, akaenda kubandika chai. Kaka hajatukubalia mpaka leo kwamba injini ya Patrol ni sawa na L24, na kwa kweli si sawa. Lakini Ijumaa ndiye anayeomba ufunguo. Mdogo wetu amemaliza chuo. Bloku iliyopasuka tumeihifadhi stoo, imepakwa grisi, ili asije mtu akasema tulimtupa mkubwa.

Walimu wenzetu, katika majuma yale matatu jambo jingine lilitushika. Gereji ile ilikuwa na vijana wa makabila mengi, na waliotoka Kongo na Kenya pia. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Lakini tukikitafuta mahali kinapofanya kazi bila kusukumwa na serikali, tukakitafute gereji. Pale injini haitolewi, hushushwa. Huchemsha, humisi, hula oili. Spana, gasketi, plagi na kabureta ni maneno ya kigeni, lakini yameandikishwa namba katika kadi yetu: fundi husema "gasketi imeungua", "plagi zimechakaa", na upatanisho wa sarufi haumpotei hata mara moja.

Wako wenzetu wanaosononeka kila neno geni linapoingia, kama kaka yetu alivyosononeka. Hatuwacheki, kwa maana tunajua mama alikaa akitazama mlango. Kila badiliko huondoka na sauti fulani ambayo hairudi. Lakini lugha, kama gari, haikuachwa na wazee ili ipandishwe juu ya mawe. Fremu yake, yaani ngeli, viambishi na upatanisho, ikiwa nzima, itabeba injini kutoka popote. Na fremu ikioza, hata injini ya asili haitaisogeza hatua moja. Wajibu wetu ni kulinda fremu, kukagua namba ya kila kinachoingia, na kuhifadhi stoo kilichotoka.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila tawi la chama likiwa na nafasi lipeleke wanafunzi gereji iliyo karibu, wakiwa na daftari na kalamu, wakae siku nzima wakisikiliza, waandike maneno na namna yanavyotumiwa. Mafundi hawatakataa. Waende mapema asubuhi, kabla injini haijashushwa, maana ikishashushwa hakuna mwenye muda wa maswali.