Kusoma Ubavu wa Tairi

Tairi la gari lina maandishi ubavuni, tena mengi, na katika miaka yangu yote ya kupanda daladala sijawahi kumwona mtu ameinama kuyasoma. Mimi niliyasoma mwaka 2024 kwa sababu ya fedha. Fedha zenyewe zilikuwa zangu, laki tano na themanini elfu, nilizozidunduliza kwa mwaka mzima na ushee ili nichape kijitabu cha hadithi zangu fupi, nakala 200. Aliyezitaka ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayekaa Kaole na mama yake. Msomaji utaniwia radhi kama ulitegemea nikuletee hadithi. Leo ni matairi.

Mdogo wangu ana Subaru Impreza aliyoachiwa na marehemu baba yake. Gari hilo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kumpeleka mama mdogo kliniki ya moyo Muhimbili kila mwezi, maana kusimama kwenye daladala kutoka Bagamoyo hadi mjini hakuwezi tena. Kazi ya pili ndiyo inayomkosesha mama huyo usingizi. Jumapili moja moja vijana wa huko, pamoja na washikaji wengine wanaotoka Dar, humwomba mzee mmoja kiwanja chake kilichoko upande wa bara, mbali na magofu. Wanapanga madumu ya plastiki yaliyotiwa mchanga nusu, na kila gari linapita peke yake, kona baada ya kona, huku mtu anapima muda kwa simu. Ukiangusha dumu unaongezewa sekunde mbili. Mchezo huo wenzetu wanauita otokrosi. Nairobi una mashindano yake rasmi, na Jamhuri Park unachezwa juu ya udongo. Kaole hakuna mashindano rasmi. Kuna madumu, kuna mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga, na kuna sifa.

Matairi ya Subaru yalikuwa vipara. Hilo hata mimi niliyezoea kalamu nililiona. Mdogo wangu akanipigia simu usiku:

"Dada, nikope tu. Kuna tairi za mbio Gerezani, mtumba kutoka Japani, zinanata kama ulimbo. Nikizipata hizo, kila mtu Kaole atanipisha."

"Na Muhimbili?"

"Si ndiyo hizo hizo nitaendea."

Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika. Kisha nikamwambia fedha nitampa, ila tairi nachagua mimi. Alicheka sana. "Dada, wewe na tairi wapi na wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Lakini mimi naamini mtu anayejua kusoma asikubali kununua kitu chenye maandishi bila kuyasoma, na wiki ile nilisoma kuhusu matairi kuliko nilivyowahi kujisomea kwa ajili ya mtihani. Nakupa yale yaliyonifaa.

Subaru ile inavaa 205/55R16. Namba ya kwanza ni upana, milimita 205. Ya pili ni kimo cha ubavu, asilimia 55 ya upana huo. R ni jinsi nyuzi za ndani zilivyolazwa, na 16 ni inchi za rimu. Baada ya hapo utakuta kitu kama 91V. Hiyo 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na V ni mwendo wa hadi kilometa 240 kwa saa, mwendo ambao Barabara ya Bagamoyo haitauona, inshallah.

Kwenye matairi mengi kuna pia namba ya ulaji, inayotokana na utaratibu wa Marekani. Tairi la kupimia lilipewa 100. Lenye 200 linatakiwa kudumu mara mbili ya hilo, lenye 400 mara nne. Namba ikishuka, mara nyingi mpira ni laini na unashika zaidi, ila unaisha haraka kama mshahara. Kwenye mashindano mengi ya madumu kule Marekani (wao wana koni), magari ya kawaida ya barabarani hayaruhusiwi kuvaa tairi lenye namba chini ya 200. Basi watengenezaji wakatengeneza matairi yaliyoandikwa 200 kamili, laini kiasi ambacho ukiyatazama unajua namba imeandikwa ili kuwaridhisha wenye mashindano. Hapo nilicheka. Na sisi waandishi tunaambiwa maneno 1500, tunaleta 1500.

Kuna jambo moja ambalo mdogo wangu hakulijua, na nadhani wengi kijiweni hawalijui. Tairi la madumu na tairi la kuzunguka uwanja wa mbio si kitu kimoja. Kwenye madumu unakimbia dakika moja au pungufu, kisha unapanga foleni tena. Tairi halipati muda wa kupata moto, kwa hiyo linatakiwa lishike likiwa bado baridi. Kwenye uwanja wa mbio unazunguka dakika 15 au 20 mfululizo, tairi linachemka, na lile laini la madumu likizidi moto linaanza kuteleza kama sabuni. Hapo linatakiwa tairi linalovumilia joto. Kwa hiyo mtu akikwambia "hizi ni tairi za mbio", muulize mbio zipi.

Jumamosi nikaenda Gerezani. Kijana wa duka la kwanza alinipokea vizuri, "Dada karibu, saizi gani?" Nikamtajia. Akaniletea manne yenye meno marefu, meusi ti, mpira laini mpaka kidole kinazama. Bei poa. Nikainama. Ubavuni pamechorwa mlima na ndani yake chembe ya theluji, na chini neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya baridi ya Japani. Mpira wake umepikwa ubaki laini kwenye barafu, na meno yamechanjwa chanjo nyembamba nyingi ili yaume theluji. Kwenye lami ya Dar mwezi wa Januari meno hayo yanalegea, gari linayumba kwenye kona, breki inachelewa, na tairi linakwisha upesi. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani hushuka bandarini yakiwa yamevaa hayo hayo, na mtu anaendesha mwaka mzima akisifia ulaini.

Duka la pili ndilo lenye ulimbo wa mdogo wangu. Kweli yalikuwa matairi ya maana, ya kampuni kubwa, namba ya ulaji 200, mistari michache mipana, bado yana nyama. 130,000 kila moja. Mwenye duka alikuwa na maneno matamu, na nakiri yalininogea. Lakini mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT kuna tarakimu nne ndani ya duara refu, ambazo ni wiki na mwaka wa kuzaliwa kwa tairi. Hapo paliandikwa 2213. Wiki ya 22, mwaka 2013. Tairi la miaka 11! Nikalibonyeza kwa ukucha. Halikuacha alama, ukucha ndio uliouma. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata tairi likikaa stoo, na haya laini yana ugonjwa wa ziada, kwamba kila yanapopata moto na kupoa mpira unazidi kukakamaa. Aliyeyatumia Japani aliula unato wote, sisi tukaletewa sura.

Nje ya duka alikaa mzee mmoja fundi pancha, na beseni lake la maji. Nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta tairi au unatafuta makosa ya kuchapa?"

Sijui alijuaje. Nikamweleza habari ya Kaole, madumu, kiwanja cha mzee. Aliuliza swali moja tu, ambalo katika kusoma kwangu kote sikulikuta limeulizwa: "Hicho kiwanja chini kuna nini?"

Kuna kifusi kigumu, na juu yake mchanga mwepesi unaoletwa na upepo. Kila aliyewahi kwenda Kaole kutazama msikiti ule unaosemwa ni wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo, anaujua mchanga huo. Mzee akatikisa kichwa. Tairi laini la lami, alisema, linashika kinachoshikika. Mchanga ukiwa katikati, unashika mchanga, na mchanga wenyewe haujashika kitu. Pale ungetaka tairi jembamba lenye kashata, lichimbe mpaka liguse kifusi. Mchanga ukiwa mwingi sana mambo yanageuka, unapunguza upepo ili tairi litandae na kuelea. Akanionyesha kwa mkono juu ya maji ya beseni.

Nilikuwa nimesoma kurasa kibao zilizoandikwa na watu wenye lami safi kama meza.

Na sisi huku historia yetu ya mbio ni ya vumbi na matope. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966, na tena 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, ndani ya Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wetu wanalikumbuka likibeba abiria. Mbio hizo ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, pale Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, madereva wote walivaa Pirelli, na kuanzia 2025 Hankook. Kampuni hawachagui. Wanachagua laini au gumu, na wabebe spea moja au mbili, kwa sababu mawe ya kule yanakula tairi kama njugu. Mtu anaweza kuongoza dunia nzima na akaangushwa na pancha.

Nikarudi ndani nikanunua matairi mapya, ya kawaida tu, jina ambalo mdogo wangu angelidharau. Namba ya ulaji 320, herufi A kwa kushika kwenye maji, A kwa joto, na mwisho 1124. 145,000 kila moja. Zidisha kwa nne uone. Hesabu ilikaa kama imepangwa, na kijitabu changu kikaisha palepale kaunta.

Mdogo wangu aliyapokea kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli akaletewa viatu vya shule. Hakusema neno baya, mbele ya mama yake asingeweza. Alisema tu, "Ahsante dada," na kuyafunga.

Jumapili nilikuwepo Kaole. Nilikwenda na chaki. Unachora mstari kuanzia kashata mpaka ubavuni, anakimbia zamu moja, unatazama chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka kwenye ubavu wenyewe, tairi linajikunja kwenye kona, ongeza upepo. Ikibaki kwenye bega, tairi halitumiki lote, punguza. Tulianza na 32, tukaishia 36 mbele na 33 nyuma, na kila baada ya zamu tunapima tena, maana tairi likipata joto upepo wake unapanda wenyewe. Vijana walinicheka na chaki yangu mpaka zamu ya tatu, walipoanza kuiazima.

Alishika nafasi ya nne kati ya tisa. Aliyeshinda alikuja na Starlet kuukuu yenye matairi membamba ya kashata, ya kwendea shamba. Mwenye matairi ya ulimbo alikuwepo pia, ndugu msomaji, kutoka Dar, na gari la maana. Alizunguka dumu la pili kama pia, akashuka akacheka na wenzake. Mdogo wangu alimtazama, akanitazama, akaenda kununua mihogo.

Novemba vuli ilinyesha vizuri. Nilikuwa Kaole siku ya kliniki, nikapanda nao. Karibu na Mapinga maji yalikuwa yametuama barabarani, na daladala la mbele likasimama ghafla katikati ya njia kupakia mtu. Mdogo wangu alikanyaga breki. Gari liliinama mbele, likasimama, nafasi ikabaki kama urefu wa mtu. Kwenye kioo niliona midomo yake imekauka. Mama mdogo alikuwa amelala kiti cha nyuma na kanga yake usoni, wala hakuamka. Tukasubiri daladala liondoke.

Deni limebaki laki tatu na thelathini. Kijitabu hakijachapwa, ila hadithi zimeongezeka mbili. Juzi mdogo wangu alinitumia picha ya ubavu wa tairi, bila salamu, ameikuza sehemu moja mpaka imekuwa ukungu. Chini yake ameandika: "Kashata, nyembamba, mtumba, za Jumapili tu. 3823. Tena hamna mlima."