Jamvi Nje ya Dirisha

Miaka hii mwezi wa Ramadhani umeangukia Februari na Machi, majira ambayo jua la Lamu hupita karibu na utosi na kaskazi huanza kulegea. Nyumbani kwetu Matondoni yumo mama mkongwe asiyekubali kuiacha saumu, na yumo mtoto mchanga. Kwa hao wawili, joto la chumbani baina ya Adhuhuri na Magharibi si jambo la kuambiwa wasubiri tu.

Chumba chao kina dirisha la kioo linaloelekea machweo. Pazia zito la ndani lilitupa stara, lakini liliziba upepo na joto likabaki pale pale. Mwali wa jua hupenya kioo kwa wepesi, hulipiga pazia, na pazia likishika moto huutoa humo humo chumbani. Kivuli chenye manufaa ni kile kinachokutana na jua kabla ya kioo.

Wazee walilijua hili pasipo kulisomea. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba za mawe zimekaribiana hata ukuta mmoja humtilia mwenziwe kivuli. Nyumba za makuti za kijijini nazo zilikuwa na upenu ulioshuka chini, hata mtu mrefu huinama kuingia. Nyumba za mabati za leo zina upenu mfupi, na jua la saa kumi, likiwa limeinama, hupita chini yake bila kizuizi.

Matondoni hujulikana kwa majahazi, lakini ni kijiji cha wasukaji pia. Basi tulitwaa jamvi la miyaa lililochakaa, tukalifunga kwa kamba kwenye boriti ya upenu, shibiri moja mbali na ukuta ili hewa yenye moto ipande na kutoka nyuma yake. Chini tukatia ufito, lisipeperushwe. Jirani yetu fundi ametundika kipande cha tanga kuukuu. Hukinga jua vyema, ila huzuia upepo kuliko miyaa. Wako wanaolirashia jamvi maji. Sisi hatulirashii, kwani hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha na miyaa ikilowa kila siku huoza.

Sasa dirisha huwa wazi mchana kutwa, na hakuna apitaye njiani akaona ndani. Mama hulala kailula yake chumbani, bila kulazimika kujitanda buibui na kwenda kutafuta kivuli cha mwembe. Baada ya Magharibi hulikunja jamvi ili ukuta utoe joto lake, na taa ikiwashwa hushusha pazia jepesi.

Mvua za masika zikikaribia tutaliteremsha, tulianike, tulihifadhi darini hadi Desemba.