Mbao au Plastiki? Jibu Nililipata Pemba

Nyumba yetu ya Muheza tumeijenga kwa miaka minane, tofali kwa tofali, mpaka likabaki jambo moja: sakafu ya sebule na ya chumba cha mama mkwe, ambaye tulitaka ahamie kwetu. Baba watoto alitaka mbao za mvule, kama zile alizozikanyaga utotoni. Mimi nilitaka vibao vya plastiki vyenye sura ya mbao. Nilikuwa nimeviona dukani vikimetameta, na muuzaji aliniapia kwamba haviogopi maji. Fedha zilitosha kimoja tu. Ilifika mahali tukawa tunakula chakula cha jioni kimya kimya.

Wakati huo ndipo mdogo wangu, anayeishi Wete na mumewe, akajifungua. Nikafunga mizigo kwenda kumtunza.

Nilipitia Unguja, nikapanda boti na kushukia Mkoani, kusini mwa Pemba. Kutoka hapo barabara hupanda na kushuka vilima mpaka Chake Chake, kisha Wete. Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, na si ajabu, kwa maana Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Ilikuwa Oktoba, msimu wa karafuu. Kila ua lilikuwa limetandazwa majamvi, na wingu likitokea, watoto kwa wazee walikimbia kuyakunja.

Jirani wa mdogo wangu, mama wa makamo, alinikaribisha ndani. Nilipovua viatu mlangoni nikaviona vile vibao nilivyovitamani! Lakini pembeni vilikuwa vimeinuka, na kwenye viungo kulikuwa na weusi wa ukungu.

"Mwanangu aliyeko Maskati alinitumia fedha," akaniambia. "Fundi alivibandika juu ya saruji mbichi, masika yamekwisha juzi tu. Maji ya juu hayakuvidhuru, mwanangu. Yaliyonitia hasara ni ya chini."

Moyo ukanipiga. Muuzaji hakunidanganya, ila hakunieleza yote. Plastiki haipitishi maji, na kwa sababu hiyo hiyo unyevu unaopanda kutoka ardhini hukwama chini yake, ukalegeza gundi na kuotesha ukungu.

Basi nikafikiri mume wangu ndiye mwenye haki. Lakini siku nyingine mama huyo alinipeleka kwa ndugu zake, kwenye nyumba kongwe ya ghorofa. Mbao za juu zilikuwa imara, maana hewa ilipita chini yake. Za chumba cha chini, zilizolazwa karibu na ardhi, mchwa walikuwa wamezila, zimebaki ganda. Hapo nikakumbuka kuwa neno sakafu lenyewe limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Katika nyumba za kale za pwani, boriti za mikoko, mawe na chokaa vilikuwa dari kwa wa chini na sakafu kwa wa juu.

Kabla ya kuondoka tulikwenda Ngezi, msitu wa hifadhi kaskazini mwa kisiwa. Nilisimama chini ya mvule, nikaangalia juu mpaka shingo ikauma. Mti kama ule haukui kwa miaka minane ya kujenga nyumba. Anayenunua mbao na aulize zimetoka wapi na kama zina kibali.

Akina mama wenzangu, haya ndiyo niliyorudi nayo. Mbao zinahitaji kukaushwa vizuri, kupigwa dawa ya mchwa na kupitisha hewa chini. Hazipigwi deki kwa ndoo ya maji. Hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Waachie nafasi ndogo ukutani, kwa kuwa mbao hutanuka wakati wa mvua. Vibao vya plastiki ni rahisi kusafisha na havisumbui miguu kwa baridi, lakini vinataka saruji iliyokauka na kusawazishwa vizuri. Jua kali la dirishani huvichujisha rangi, na mikeka ya mpira huviachia madoa.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jaribio hili. Chukua kipande cha nailoni cha kama mita moja kila upande, kibandike sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili au tatu. Ukikuta umande chini yake, au saruji imekuwa nyeusi, subiri.

Nilipofika nyumbani sikubishana. Nilibandika nailoni tu. Siku ya tatu tuliifunua pamoja, mimi na baba watoto, tumepiga magoti. Chini kulikuwa na matone. Akanitazama, tukacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi tulikula tukizungumza.

Tulisubiri kiangazi, tukarudia jaribio mpaka nailoni ikawa kavu. Chumba cha mama mkwe tukakiwekea vibao vya plastiki, maana miguu yake haivumilii baridi ya saruji. Sebule imebaki saruji laini, na juu yake umetandikwa mkeka wa ukindu niliopewa na yule mama wa Wete. Mvule tuliununua kidogo tu, wa mlango wa mbele. Baba watoto huupangusa kila Jumamosi.