Mnaicheka Jingle All the Way, mimi naitetea

Wadau, juzi hosteli nimetaja Jingle All the Way, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Eti sinema ya kijinga ya Krismasi, Arnold Schwarzenegger mzima anakimbizana na mtu wa posta wakigombea mdoli! Vichekesho vyake vingine ni vya ovyo kweli, hapo sibishi, na ilipotoka 1996 wahakiki waliiponda. Lakini jamani, nyie mmekulia wapi?

Mimi wa Butiama. Kwetu tarehe 24 Desemba utawaona wababa stendi wanagombania Hiace za Musoma, maana viatu vya mtoto havijapatikana na kwa mangi namba yake imekwisha. Mzee wangu aliwahi kurudi saa nne usiku na raba kubwaaa, tukajaza magazeti mbele. Sasa Howard wa kwenye sinema ana tofauti gani naye? Mwaka mzima kazi, mtoto anapewa ahadi tu, halafu deni lote anataka kulilipa siku moja.

Mnaosema inafundisha watoto kununuanunua, hamkufika mwisho. Jamie anaupata Turbo-Man wake, kisha anampa yule mtu wa posta akampelekee mwanawe. Yeye baba ameshampata, mdoli wa nini?

Nikienda BTP nitawaonyesha wanafunzi kipande hicho tu, niwaulize: wewe ungempa? Nina hamu hasa na majibu ya wale ambao baba zao wako machimboni.