Tumuulize Bibi Kwanza

Kwetu Mafia mzee akianza kusahau hatusemi anaumwa. Tunasema kazeeka, basi. Akizidi, akawa anatoka usiku wa manane kwenda kuchota maji kwenye kisima kilichofukiwa zamani, hapo ndipo maneno mengine hutoka: karogwa huyo, ana shetani wake, mtafutieni mganga. Nimeyasikia yote kuhusu bibi yangu mzaa mama. Na wewe msomaji mwenzangu, uwe wa Ilala au wa Kilindoni, nadhani umeyasikia kuhusu wa kwenu.

Bibi ni msuka mikeka. Mpaka leo mpe chane zilizotiwa rangi, mikono itakwenda yenyewe na ukili utashuka umenyooka. Lakini muulize aliyekaa pembeni yake ni nani. Atamtazama binti yake wa kumzaa, anayemwogesha na kumlisha, atamwambia, "Mwanangu, kwenu hawakungoji?" Mama mdogo hucheka. Kisha huenda jikoni, na akirudi macho mekundu husingizia moshi.

Tulimpandisha boti Kilindoni, tukashuka Nyamisati, tukapanda gari hadi Mbagala. Baada ya safari tatu za namna hiyo daktari mmoja wa Dar es Salaam akatuambia kuwa dalili zote zinaelekea ugonjwa wa Alzheimer. Dawa za kupunguza makali zipo, akasema, za kuuondoa hakuna. Mjomba akauliza, "Na huko kwa wenzetu?" Daktari akajibu, "Huko wanaendelea na majaribio."

Neno hilo tulirudi nalo kisiwani kama mzigo wa dhahabu. Mjomba akaanza kusema tuuze minazi. Kuna mtu mjini alikwishamwahidi kwamba kwa malipo kidogo angemwingiza Bibi katika majaribio ya nje. Shamba lenyewe ndilo linalotulisha sote. Mie ndiye mwenye simu yenye intaneti pale nyumbani, nikaomba wiki mbili nitafute kwanza.

Kumbe majaribio ya dawa hayafichwi. Yanaandikwa katika madaftari ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua. Serikali ya Marekani ilifungua lake, ClinicalTrials.gov, mwaka 2000. Afrika nayo inalo, linaitwa PACTR, linatunzwa Cape Town. Humo kila jaribio limeelezwa: linapima nini, linataka watu wa umri gani, liko mji gani, na kama bado linaandikisha. Hapa kwetu utafiti wowote wa afya unapaswa kupata kibali cha NIMR, na ukiwa wa dawa, cha TMDA pia. Ukiona jaribio halina kibali, usiingie. Na kwa kawaida mshiriki halipii dawa inayojaribiwa. Anayekudai pesa ili akuingize anauza kitu ambacho si chake. Nilipomsomea mjomba hayo alinyamaza, akatoka nje, na habari za kuuza minazi zikaishia pale.

Kisha nikasoma masharti. Chukua jaribio la lecanemab, lile lililosifiwa sana magazetini. Watu 1,795 walifuatwa kwa miezi 18, Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia. Waliopata dawa hawakupona. Kudhoofika kwao kulipungua kasi kwa asilimia 27, na baadhi yao walivimba ubongo au kuvuja damu kichwani. Marekani iliipitisha rasmi Julai 2023. Lakini ili uingie ilibidi ugonjwa uwe ndio kwanza unaanza, na uthibitishwe kwa picha maalum ya ubongo au kwa maji ya uti wa mgongo. Majaribio ya namna hii hudai pia mtu wa karibu wa kufuatana na mgonjwa na kueleza mabadiliko yake. Kwa maneno mengine, kabla Bibi hajaingia ilipasa kwanza tuuite ugonjwa kwa jina lake, tena mapema. Sisi miaka minne tuliuita uzee.

Nilikuwa karibu kuifunga simu nilipokutana na jina la Hai, chini ya Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti waliwapima huko wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta karibu 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kusahau, ambao Alzheimer ndiyo aina yake kubwa. Baadaye likafanyika jaribio ambalo halikuwa na kidonge hata kimoja. Wagonjwa 34 waligawanywa katika vikundi, wakakutana mara 14, wakazungumza na kucheza michezo ya kuchokoza akili, kwa mtindo ulioanzia Uingereza na kurekebishwa ufae wazee wa kwetu. Matokeo yalichapishwa 2017: fahamu zilipata nafuu, wasiwasi ukapungua. Lilikwisha siku nyingi, na Bibi hakuwa mtu wa Hai. Ila nilifurahi kujua kwamba mahali fulani nchini mwetu wazee wanaosahau walikwishaulizwa kitu, na majibu yao yakahesabiwa.

Nikarudi kwa wazee wangu na swali jingine: likija jaribio karibu, tutamruhusu? Mjomba, yule yule wa minazi, akaruka, "Wamfanye panya?" Mama mdogo akauliza nani atafuatana naye. Tukabishana mpaka usiku, na Bibi yupo pale pale mkekani anasuka, hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi akili yake huwa na mwanga kidogo. Nikakaa karibu naye nikajaribu kumweleza, na hapo ndipo nilipoona kazi ilivyo ngumu. Wenzetu katika majaribio mengi huwapa baadhi ya watu kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, ili walinganishe. Sisi tukiitafsiri tunasema "dawa bandia". Sasa nani hapa Tanzania asiyejua dawa bandia ni ipi? Ni ile inayokamatwa madukani na kuchomwa moto! Nikaliacha neno hilo.

"Bibi, kuna madaktari wanatafuta dawa ya kusahau. Hawajui kama inafaa. Wengine watapewa dawa, wengine kitu mfano wake kisicho na dawa, na mpewaji hajui kapewa kipi. Inaweza ikakudhuru. Ukikataa hakuna wa kukukasirikia. Ukikubali halafu ukachoka, unarudi zako nyumbani."

Akasuka chane mbili tatu. "Hiyo dawa ikipatikana mie nitakuwepo?"

"Pengine hutakuwepo, Bibi."

"Basi waje. Lakini mie boti sipandi tena."

Nikayaandika katika daftari, na tarehe. Najua si ridhaa ya kisheria. Ila itafika siku atashindwa kusema, na siku hiyo mjomba na mama mdogo wasibishane juu ya kichwa chake kana kwamba hakuwahi kuwa na neno.

Wako watakaosema majaribio makubwa hayatuhusu sisi wa visiwani. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofanyiwa jaribio kubwa kuanzia 2009, Bagamoyo na Korogwe zilikuwamo, na kina mama wa huko walisomewa karatasi za ridhaa wakaweka saini au dole gumba. Hata ya Alzheimer yanaweza kutufikia. Yakifika, mtu atahitajika kuziandika karatasi hizo kwa Kiswahili ambacho Bibi wa Mafia atakielewa asubuhi moja, akili yake ikiwa bado na mwanga. Sisi tunaohangaika na kalamu na kulalamika kwamba hatuna wasomaji, kazi ipo hapo, tena haina mashairi ndani yake.